Waya wa Tatu

Saa tano asubuhi Kuluthumu alibana kichwa cha waya wa mwisho, akaupima, na taa nane za kipimio zikawaka kwa mpangilio. Seva tatu za ushirika wa wakulima wa mboga zilikuwa zimepandishwa Lushoto kwa lori, kila moja nzito kama kabati la nguo. Kwa siku tisa yeye na fundi mwenzake Rubeni walizifungia nyaya: za umeme kushoto, za mtandao kulia, kila waya na kibandiko chenye namba. Ilibaki kompyuta ya usimamizi, ile ambayo mtu mmoja akikaa mezani anaziangalia seva zote, anaziwasha na kuzizima bila kuzigusa.

Rubeni alikuwa ameshuka Mombo kuchukua betri. Kuluthumu akachomeka waya wa kwanza, kisha wa pili. Alipochomeka wa tatu, unaotoka kwenye seva ya barua za ofisi, waya ukaanza kusema kwa sauti ya Rubeni.

"Kwako Meneja. Naomba nafasi ya msimamizi wa chumba cha seva. Kazi hii yote nimeifanya mimi. Kuluthumu ni mwenzangu, lakini ndiye aliyeunguza mashine ya mteja kule Korogwe. Si mtu wa kuachiwa umeme."

Barua ilikuwa ya Jumatatu. Waya ulipoimaliza ukaanza upya.

Kuluthumu alikata kichwa cha waya, akabana kingine. Sauti ikawa ile ile. Akaleta waya mpya kabisa. Sauti ikawa safi zaidi. Modesta, karani wa mapokezi, aliingia na chai, akasikiliza mpaka mwisho.

"Rubeni huyo," alisema.

"Ndiye."

"Ana mafua kidogo." Akaweka kikombe mbali na mashine.

Mashine ya Korogwe aliiunguza Rubeni. Alichomeka waya wa umeme mahali pasipo pake. Mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyo, na Rubeni alikaa sakafuni ameshika kichwa. Kuluthumu akasaini ripoti kwa jina lake mwenyewe. Hawakuizungumzia tena. Tangu hapo kila Idi Rubeni alikula kwa mama yake Kuluthumu kule Lukozi, na mama alimwita mwanangu.

Meneja Edward alifika kukagua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Inaweza kupunguzwa hiyo?"

"Haina kitufe." Kuluthumu akaugusa waya. "Mashine ile aliiunguza yeye."

"Ripoti ina saini ya nani?"

"Yangu."

Edward akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akatoka.

Rubeni alirudi alasiri na betri begani. Alisimama mlangoni akajisikiliza.

"Sikujua kama itasikika," alisema.

"Nafasi ungeniomba tu. Ningekuachia."

"Najua, dada." Akaitua betri taratibu. "Ndiyo maana nilishindwa kukuomba."

Kuluthumu alifunga nyaya zilizobaki, kwa sababu mikono yake ilikataa kuziacha zikining'inia. Mara mbili alikosea fundo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Ijumaa Rubeni alipewa barua ya uteuzi, na Kuluthumu akapanda bodaboda kurudi Lukozi.

Waya haukunyamaza. Wakulima waliokuja ofisini walizoea, na Rubeni akiongea wakati mmoja na waya, waliwasubiri wote wawili wamalize. Modesta aliongeza redio kidogo.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, Kuluthumu alikuwa akivuna kabichi simu ilipoita.

"Seva ya pili imezima," Rubeni alisema. "Jana niliihamisha kidogo kupisha feni."

"Waya wake wa umeme una namba gani?"

"Kumi na nne."

"Huo si wake. Uchomoe kabla haijaungua. Wake ni kumi na mbili."

Alisikia feni zikianza kuvuma. Rubeni akashusha pumzi.

"Kama Korogwe," alisema.

"Kama Korogwe."

Nyuma ya Rubeni ile sauti yake nyingine iliendelea kusoma barua.

"Dada, ripoti ya hitilafu inauliza nani alifunga nyaya. Nimeandika wewe."

"Umeshaituma?"

"Nimeshaituma."

"Haya," alisema Kuluthumu. Akaifuta simu matope, akairudisha mfukoni, akainamia kabichi iliyofuata.