Malimau ya Wifi Praxeda

Wifi yangu Praxeda alipoteza usingizi tangu aliposikia kwamba mwanangu Lucas anataka miche yake ya machungwa ibebeshwe na Jenifa. Hapa kwetu, nje kidogo ya Muheza, kubebesha ni kulichukua jicho la mchungwa mzuri, kulipachika kwenye shina la mlimau na kulifunga kwa nailoni mpaka lishike. Ukikosea leo, hutajua leo. Mti utakuonyesha baada ya miaka, ukianza kuzaa. Na kwa kazi hiyo kijiji kizima kilizoea kumwita Praxeda.

"Shangazi mtu yupo, kisu anacho, wewe unakwenda kumtafuta binti wa manamba kutoka huko Amani kwenye mashamba ya chai," alimwambia Lucas. Alikuwa juu ya mbuzi ananikunia nazi, na kwa hasira alikuna mpaka kifuu kikaanza kutoa vumbi.

"Sijamchukua bado, shangazi. Nasikia sifa zake, nasikia na zako. Sifa tupu sijui kuzipima."

"Basi mimi nitakupimia. Ngoja mpaka Jumamosi, nitakuletea habari za maiti zote alizoziacha mashambani."

Akanichukua niwe shahidi. Tulitoka asubuhi, yeye mbele, kajifunga kibwebwe. Kila shamba alilofanyia kazi Jenifa tuliingia. Sijapata kumwona Praxeda akikagua namna ile: anainama chini ya mti, anapapasa kovu la mshono kwa kidole gumba, anafukunyua majani akitafuta vichipukizi, anaomba chungwa, anaonja, anatema kokwa.

Kwa Mama Brightness alipata alichokitaka. Miche kadhaa ilikuwa imekauka, imesimama kama kuni.

"Hii ya Jenifa?" aliuliza, na uso ukamnawiri.

"Yake. Alirudi mwenyewe masika kuitazama, akasema, 'Nilifunga vibaya, mama, maji yakaingia.' Ile pale ndiyo aliyobebesha upya. Yule hata ukimficha mti mbaya, anauulizia."

Uso wa wifi ukazimika.

"Anajipendekeza," alisema tulipokuwa njiani. "Fundi wa kweli harudirudi kama mtu aliyesahau ndala."

Kwa Mzee Abrahamu miti ya Jenifa haikuwa na neno. Lakini nyuma ya banda la mbuzi palikuwa na mti mnene, umejaa matunda ya manjano. Praxeda alichuma moja, akalipasua kwa meno, akanipa nusu.

"Onja, wifi. Limau tupu. Huu umemshinda."

Mzee Abrahamu alikuwa anatazama miguu yake.

"Huo ni wako, Praxeda."

"Wangu upi?"

"Ulioubebesha mwaka ule tulioezeka kanisa. Limau lilichipua chini ya mshono, likaula mchungwa. Na kule nyuma iko mingine."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie vipi, shangazi wa kijiji kizima? Uliona jicho limeshika, majani yametoka, tukakuchinjia kuku, ukaenda zako. Hujapita tena hapa. Sisi tunakamulia kwenye chai."

Praxeda aliutazama ule mti mpaka mzee akaona aibu, akaingia ndani.

Jumamosi Lucas alimwita na Jenifa pia. Tukakaa barazani.

"Haya, shangazi. Maiti ziko wapi?"

"Zipo, kwa Mama Brightness. Huyu kazizika mwenyewe, kabebesha nyingine." Alifungua kanga, akaifunga tena. "Zangu mimi nilikuwa hata sijui zilipo. Mpe kazi."

Jenifa aliinuka akapiga goti. "Shikamoo, shangazi. Nimesikia umezunguka mashamba yangu yote."

"Marahaba. Nimezunguka, na nitazunguka tena. Hili la mwanangu nitalipapasa kila masika. Nikikuta chipukizi moja la limau, Muheza nzima itasikia."

"Njoo tu, shangazi. Mtu wa kunitafutia makosa kwa moyo hivyo nitampata wapi?"

Jenifa akacheka, akaenda kwenye miche na kisu chake. Wifi akaninong'oneza: "Unamwona? Hata meno kapewa mazuri." Kisha akabeba kigoda chake, akakiweka karibu kabisa na mche wa kwanza, akakaa, asipitwe na hata mkato mmoja.