Kigingi Kifuani mwa Kolbein

Oddlaug alikuwa akiengua malai kwenye vyombo vya maziwa pale mumewe Kolbein, waliyemzika juzi yake, alipoingia jikoni akiwa ameinama. Aliinama kwa sababu ya kigingi. Kilichomoza kifuani mwake urefu wa mkono mzima, na milango ya Grinlandi ni mifupi hata kwa walio hai. Kigingi kiligonga mwimo, udongo ukadondoka kwenye sakafu iliyofagiliwa, naye akaomba radhi.

“Wamenichomeka kirefu mno,” alisema.

“Niliwaambia,” alijibu Oddlaug. “Funga mlango, baridi inaingia.”

Kwenye ghuba ile kanisa lilikuwa mbali, na padri alikuwa mmoja. Aliyekufa wakati padri hayupo alizikwa shambani kwa bwana wake, na kigingi kikasimamishwa juu ya kifua chake, ncha ikigusa mfupa na mwisho wake mwingine ukibaki juu ya ardhi. Padri alipopita alikingʼoa, akamimina maji ya baraka kwenye tundu, akaimba. Hapo ndipo marehemu alipohesabiwa kuwa amezikwa. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa anasubiri.

Wengi walisubiri wamelala. Kolbein hakuwahi kuweza kulala wakati kuna kazi haijaisha, na kila mtu shambani alilijua hilo. Alikuwa kibarua wa Ozur, mwenye shamba. Ozur ndiye aliyemtuma akamvute sili aliyeuawa kule kwenye barafu, siku ambayo wanaume wengine walikataa, wakisema barafu imeoza. Na kweli ilikuwa imeoza. Walimtoa Kolbein majini akiwa bado ameshika kamba, na mwisho wa kamba sili yupo. Ozur alimsifu mbele ya watu wote, kisha sili akachunwa.

Siku hiyo, baada ya kuota moto kidogo bila kupata joto, Kolbein alitoka nje akakutana na Ozur uani.

“Umeamka,” alisema Ozur.

“Nimeshindwa kulala.”

Ozur alikitazama kigingi. Kilikuwa cha mti ulioletwa na bahari, na kwa sheria ya pale kila mti ulioletwa na bahari ufukweni mwake ulikuwa wake. “Zizi halijatolewa samadi tangu ulipokufa,” alisema.

Kolbein akachukua koleo.

Kesho yake akaamka tena, na kesho kutwa. Ngʼombe walimzoea kwanza, watu baadaye. Mfu hali, haumwi mgongo, hadai viatu vipya msimu wa baridi ukikaribia. Anabeba samadi hadi mashambani huku mvua ya theluji ikimpiga usoni, wala hasemi ngoja ipite. Kabla majani hayajachipua Ozur alikuwa amekwisha kuwafukuza vibarua wawili, akisema hana la kuwapa wafanye.

Jioni, kazi ikiisha, Oddlaug alimsindikiza mumewe hadi kaburini. Lilikuwa karibu na ukuta wa zizi. Alimsaidia kuingia, kwa maana kigingi kilimfanya apoteze mizani, kisha akakaa juu ya ukuta huku mwanga ukififia na kumuuliza habari za kule.

“Kuna daraja,” alisema Kolbein. “Upande wa pili ni kijani. Naona mpaka nyasi zilivyo ndefu, hazijakatwa. Anayepita huitwa jina lake kwa Kilatini. Ambao hatujaimbiwa tunasimama kando ya njia.”

“Mko wengi?”

“Vibarua watupu.”

“Na unavumilia?”

“Miguu inauma. Nikichoka kusimama naona afadhali nije kutoa samadi.”

Oddlaug alikaa na jibu hilo kutwa nzima, akikanda, akichota maji, akivumbika moto. Kisha akaenda sebuleni wanaume walipokuwa wakila, akasimama mbele ya Ozur.

“Nataka padri aitwe.”

“Mashua ina kazi.”

“Mashua imelala ufukweni.”

“Basi imepumzika.” Ozur alikata kipande cha siagi akakiweka juu ya samaki mkavu. “Kwani anakusumbua nini, mama? Hanywi, halewi, hakupigi, harudi na maneno. Wanawake wangapi wana mume wa namna hiyo?”

Wanaume wakacheka. Oddlaug alisubiri wamalize.

“Wewe ulimuua mara moja,” alisema. “Sasa unataka afe kila asubuhi.”

Hakuna aliyecheka tena. Ozur alitafuna polepole, akameza, akasema maneno hayo ni ya mjane, na mjane husamehewa. Mashua haikwenda.

Wakati wa kukata majani, Steinvor, mama yake Ozur, alishindwa kunyanyuka kitandani. Mashua ilishushwa majini kabla uji wake haujapoa. Padri Eyvind alifika bibi akiwa bado anapumua, akampaka mafuta, akamwimbia. Alipokata roho walimpeleka kwa makasia hadi kanisani na kumzika chini ya upenu, mahali ambapo maji ya mvua yanayotoka kwenye paa takatifu yangemdondokea mpaka siku ya mwisho. Kigingi hakikuhitajika.

“Amepita leo,” Kolbein alimwambia mkewe jioni ile. “Niliinama. Hakutazama upande wetu.”

Padri alirudi shambani kwa karamu ya matanga, na kwa sababu upepo ulikuwa mbaya akabaki. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa maziwa ya mgando. Oddlaug alimwendea akiwa amekaa juani, mbele ya nyumba. Kolbein alikuwa akipita mbele yao na mzigo wa majani makavu, mengine yamenasa kwenye kigingi.

“Padri, huyo ni mume wangu.”

“Nimemwona. Mchapakazi.”

“Mwimbie.”

Padri alifuta kijiko chake. “Nimezungumza na Ozur. Kigingi ni mali yake, kimesimama kwenye ardhi yake. Siwezi kungʼoa mali ya mtu.”

“Maji ya baraka je? Nayo ni ya Ozur?”

“Sikiliza, mwanangu. Roho nyingi haziendi moja kwa moja. Huoshwa kwanza toharani. Nyingine kwa moto, nyingine kwa baridi. Mumeo anaoshwa kwa jasho, hapa hapa, mbele ya macho yako. Ni neema kubwa. Ozur anamsaidia.”

“Anaoshwa dhambi gani?”

“Kila mtu ana dhambi.”

“Na Ozur?”

“Ozur bado yu hai,” alisema padri.

“Ataoshwa mpaka lini?”

“Mpaka atakate.”

“Nani atatuambia kwamba ametakata?”

Padri alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa haki alipoweza. “Anayemwona kila siku,” alisema. “Bwana wake.”

 Oddlaug aliangalia kijiko kilichofutwa, na tumbo lililokuwa likipanda na kushuka kwa amani, akajua kwamba akiongeza neno moja atampiga padri, na kumpiga padri kuna toharani yake. Akachukua bakuli tupu akaenda kuliosha. Aliliosha mpaka likapasuka.

Jumapili baada ya ibada wote walikula, wakalala. Jua lilikuwa juu. Oddlaug alichota maji ya baraka kutoka chombo cha padri kwa kikombe cha pembe, akayafunika kwa kiganja, akaenda hadi ukuta wa zizi. Siku ya Bwana Kolbein hakufanya kazi. Alikuwa chini, na kigingi kilionekana juu ya nyasi kama kawaida.

“Wewe ni nani?” aliuliza Kolbein kutoka ndani.

“Mimi.”

“Jumapili hii?”

“Nyamaza. Shika pumzi.”

“Sina.”

Alikishika kigingi kwa mikono miwili, akaegemeza miguu, akavuta. Hakikutoka. Alivuta tena akimtaja Ozur, na mama yake Ozur, na barafu, na kila bakuli alilomwoshea padri, kila jina kwa sauti ya chini, na kwa jina la mwisho kikangʼoka, akaanguka chali. Tundu lilikuwa safi, la mviringo. Alimimina maji. Kisha akakumbuka kwamba lazima aimbe, na hakujua Kilatini chochote ila maneno ambayo padri huyasema mezani. Akayaimba hayo, kwa sauti ile ile ya padri, mpaka mwisho.

Akainamia tundu.

“Wameita,” alisema Kolbein.

“Wamesema jina lako?”

“Karibu na jina langu. Nadhani ni mimi.” Sauti yake ilikuwa ikisogea mbali. “Oddlaug, usisimame kwenye upepo.”

Baada ya hapo tundu lilikuwa tundu tu. Alikaa hapo mpaka ngʼombe walipoanza kulia wakitaka kukamuliwa.

Jumatatu samadi haikutolewa. Ozur alikwenda kaburini, akaona kigingi kimelala kwenye nyasi, akakirudisha nyumbani begani. Hakupandisha sauti. Alimwita Oddlaug mbele ya padri, na padri akamuuliza aliimba nini. Oddlaug akarudia neno kwa neno.

“Hiyo ni sala ya chakula,” alisema padri Eyvind. “Umembariki kama samaki.”

“Hata hivyo ameondoka.”

“Hawezi kuwa ameondoka. Ibada haikuwa halali.”

“Basi mwite aje atoe samadi.”

Padri alimtazama Ozur. Ozur alikuwa akipapasa ncha ya kigingi kwa kidole gumba. Padri akasema, kwa heshima yote, kwamba huruma ya Mungu ina njia zake, lakini haifai watu wazizoee. Kisha upepo ukageuka, akapewa chombo cha malai cha njiani, akaondoka.

“Kilikuwa changu,” Ozur alisema walipobaki wawili. “Kigingi, shimo, na kilichokuwa ndani.”

“Nenda kwenye daraja la wafu ukakidai,” alisema Oddlaug.

“Nitakwenda. Nimelipia kwa upenu wa kanisa. Lakini wewe utabaki hapa.”

Majira ya baridi yaliyofuata kikohozi kilipita kwenye ghuba. Kiliwachukua wachungaji wawili na mpiga makasia, na kila aliyekufa kwa Ozur aliamka, maana sasa Ozur alikuwa na desturi ya kusimama juu ya kaburi asubuhi na kusema kwa sauti kazi zilizobaki. Wafu wakizisikia hawakuweza kulala. Watu wa mashamba mengine walikuja kutazama jinsi anavyofanya. Mmoja aliuliza kama hawanuki. Ozur akamjibu kwamba kwa baridi ile hata walio hai hawanuki.

Kisha akafa Finna, mkamuaji, aliyekuwa akilala kitanda kimoja na Oddlaug tangu Kolbein aondoke. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyewajua ngʼombe kwa miguno yao.

Ozur hakuleta mti. Alileta mfupa wa ubavu wa nyangumi alioutengeneza mwenyewe, umechongwa meno pembeni kama ndoana, yakiangalia nyuma, ili kuingia iwe rahisi na kutoka isiwezekane. Ulihitaji mtu mmoja aushike wima wakati mwingine akigonga.

“Oddlaug,” aliita. “Wewe mikono yako imezoea.”

“Sishiki.”

“Basi funga vitu vyako. Njia ile pale.”

Theluji ilikuwa imefika kwenye upenu. Shamba la jirani lilikuwa ngʼambo ya barafu, na barafu ilikuwa ikilia.

“Ukifia njiani,” alisema Ozur bila hasira, “mpaka katikati ya ghuba bado ni kwangu. Nitakufuata. Ubavu wa nyangumi ninao mwingine.”

Wanaume waliokuwa wamebeba maiti walitazama miguu yao. Oddlaug alitazama nyundo, akapima umbali kutoka mkononi mwa Ozur hadi mkononi mwake, na kutoka hapo hadi kichwani mwa Ozur, akaona pia wafu watatu waliokuwa wamesimama kando na makoleo yao, wakisubiri kuambiwa. Akafikiri jinsi Ozur angeamka hata baada ya kupigwa, na asipoamka padri angekuja kumwimbia kabla uji haujapoa.

Akaushika ubavu wa nyangumi. Aliushika wima, kwa mikono miwili, na alihisi kila pigo la nyundo mpaka kwenye meno yake.

Asubuhi Oddlaug alikuwa zizini akikamua, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Finna aliingia akiwa amejitanda shali yake, mfupa mweupe ukitokeza katikati ya kifua. Ngʼombe aligeuza kichwa, akaguna, akarudi kwenye majani yake.

Oddlaug akainuka kwenye kigoda, akampisha.

“Nani alikishika?” aliuliza Finna.

“Mimi.”

Finna alijitazama kifuani, akakigusa kwa kidole, kwanza upande huu, kisha upande ule.

“Kimenyooka,” alisema. Akaketi, akasogeza ndoo kwa mguu, akaendelea kukamua pale mwenzake alipoachia.