Mkwe Chini ya Mashine

Mkwe hafokewi. Hilo Kingi alilijua kabla hajajua kuendesha hata baiskeli. Kwao, ukikutana njiani na baba wa mwanamke unayetaka kumuoa, unapisha, unainamisha macho, unaamkia kwa sauti ya chini, na ukiulizwa jambo unajibu hilo hilo uliloulizwa. Sasa fikiria mtu huyo awe ndiye anayekupokea kwa furaha siku yako ya kwanza kuendesha lori lenye kreni bila mwalimu pembeni. Ndiyo masaibu yaliyomkuta Kingi pale Mji wa Kale, mwaka wa tisini na nne.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bi Mwanarusi, mwenye bekari, alikuwa amenunua mashine ya kukandia unga, chuma kitupu, nzito kushinda ng'ombe wawili. Mlango wa bekari ulikuwa mwembamba, kwa hiyo ilibidi mashine ipitishwe juu ya ukuta na kuteremshwa uani. Na mwokaji mkuu wa Bi Mwanarusi, aliyekuwa akivuka Feri kutoka Likoni kila alfajiri kuja kukanda unga kwa mikono, alikuwa Mzee Gunga, baba yake Mejumaa, mwanamke ambaye Kingi alitaka kumuoa. Jumamosi ya wiki ile wazee wa kina Kingi walikuwa waende Likoni kusikia jibu la posa. Mzee Gunga alikuwa hajasema ndiyo, hajasema la, na Kingi alikuwa halali vizuri.

Mutunga, dereva mkongwe aliyemfundisha kazi katika yadi ya Shimanzi, si mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo aliyarudia mpaka yakachosha. "Lori lingine linaua likikimbia. Hili linaua likiwa limesimama." Kisha angeuliza, "Kuna mtu chini?" Ukimjibu hakuna, bado hakuridhika. "Umeangalia, au umedhani?"

Basi Kingi aliangalia. Aliteremsha miguu ya lori, ile ya chuma ya kulizuia lisipinduke, juu ya mbao nene, akakanyaga kila ubao kuona kama ardhi inabonyea. Akatazama nyaya za umeme, akalisogeza lori nyuma kidogo na kuanza upya. Mwenzake Lennox akaizungushia mashine mikanda na kuitia kwenye kulabu. Majirani nao walikuwa wameshajaa, maana Mji wa Kale hakinyanyuliwi kitu kizito watu wakakaa majumbani mwao. Kila mwanamume huja kusaidia, na kusaidia kwenyewe ni kushika. Hata kitu kikiwa kinaning'inia hewani lazima kishikwe, la sivyo itaonekana mwenye shughuli hana watu. Kingi aliwaomba kwa adabu wasogee ng'ambo ya njia. Walinung'unika, wakasogea.

Mashine ikapanda polepole, ikavuka ukuta. Kutoka kwenye kiti cha kreni, juu nyuma ya kibanda cha dereva, Kingi aliuona ua wote mtupu. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Mzee Gunga akatoka, kikoi kimejaa unga, akaenda moja kwa moja chini ya mashine na kuinua mikono yote miwili kuipokea. Alikuwa anacheka kama bwana harusi.

"Ilete, mwanangu!" alisema. "Ilete taratibu, mimi naiongoza."

Kingi akaachilia vishikio. Mashine ikasimama hewani.

"Baba," alisema kwa sauti ya mkwe, yaani sauti isiyofika popote, "naomba usogee kidogo."

"Wasemaje?"

"Nasema... kama hutojali, baba."

"Wewe ilete tu! Usinionee haya!"

Kuirudisha njiani hakuweza. Majirani, walipoona imevuka, walikuwa wamerudi pale pale chini ya mkono wa kreni. Lennox alikuwa upande wa pili wa ukuta akihangaika nao. Na mzee, kwa kuona kijana anasita, alijinyoosha kwa vidole vya miguu, akaigusa mashine, akaanza kuisukuma. Ikaanza kuyumba.

"Gunga!" Kingi alipiga kelele. "Toka! Toka hapo chini, Gunga!"

Jina la mkwe, tupu, bila hata neno mzee mbele yake. Mzee akashusha mikono, akamtazama juu pale alipokaa, kisha akageuka akarudi jikoni.

"Ya Rabi!" mwanamke mmoja alisema dirishani. "Yuwamfokea mkwewe!"

Mashine ikatulia, ikateremka, ikakaa chini salama salimini. Mkanda haukukatika, mguu wa lori haukutitia, hakuna kilichoteleza. Kwa kitambo kidogo Kingi alitamani kingeteleza japo kitu kimoja, watu waone kwa nini alifoka. Kisha akajionea aibu kwa kutamani vile.

Alimkuta mzee mezani akikanda donge la unga, mgongo umeelekea mlango. Kingi akapiga magoti.

"Nisamehe, baba."

Mzee aliendelea kukanda. "Na Mejumaa je?" aliuliza. "Naye utamwita vile mbele za watu?"

Jibu tamu lilikuwa tayari ulimini, nalo lilikuwa uongo. Kingi alilimeza, akajua huenda anammeza na Mejumaa.

"Akisimama pale uliposimama, baba, nitamfokea kushinda vile."

Mikono ya mzee ikasimama ndani ya unga.

"Nina wana watatu wa kiume," alisema. "Wana adabu, kila mtu awasifu. Mwaka jana nilikuwa nikivuka Feri kuja kazini nikitema damu. Wote watatu waliniona nikitoka nyumbani." Akafuta paji la uso kwa kiwiko. "Wakaniamkia, wakanipisha njia."

Kingi aliinamisha macho.

"Inuka, wachafua suruali," mzee alisema. "Na wazee wenu uwaambie Jumamosi wasichelewe."