Wimbo Usiopigwa Ndani ya Nyumba

Khamphet alikuwa na sikio la ajabu na akili ya kawaida, na siku hiyo sikio lilimponza.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akimpigia khene Chansouk, mwimbaji ambaye watu wakimsikia huacha wali ukapoa. Khene ni ala ya kupuliza, mianzi kumi na sita iliyofungwa pamoja, na ndani ya kila mmoja mna ulimi mwembamba wa shaba. Mwimbaji asiye na khene ni kama mtu anayeongea peke yake barabarani. Shida ni kwamba Khamphet alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa arusi, alichelewa sherehe za hekalu, hata msiba wa mjomba wake alifika vyombo vinaoshwa. Wiki iliyopita Chansouk alimwambia bila kupepesa macho, "Kaka, mjini Luang Prabang tunaanza saa kumi alasiri. Ukichelewa tena, usinitafute."

Basi safari hii aliondoka alfajiri, jamani, alfajiri. Lakini kule juu milimani pikapu ikaingia shimoni, magunia ya kabichi yakahama na kuikalia khene yake. Alipoipuliza, mianzi mitatu ilikuwa bubu.

"Hapo mbele kuna kijiji cha Wahmong, watu wa huku milimani," dereva akamwambia. "Yupo mhunzi, Nhia Pao, anafua visu na ndimi za mianzi. Mimi nakula, napakia tangawizi, saa sita kamili naondoka. Simsubiri msanii."

Nhia Pao alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitazama khene, akaguna, akaenda nayo kwenye kibanda chake nje. Mgeni akakaribishwa ndani. Mke wa mhunzi alikuwa anachambua mboga, na karibu na moto aliketi mama mkwe wake, bibi Mai Yeng, mwenye miaka tisini hivi.

Ukutani palitundikwa ala ya Wahmong ya kupuliza, mianzi sita mirefu, iliyopinda. Khamphet akaomba aijaribu. "Chukua, jipoze," mke wa mhunzi akasema. Sasa, wakati anateremka kwenye pikapu, Khamphet alikuwa amemsikia mtu akijifunza mianzi kama hiyo mbali kule, ng'ambo ya mashamba. Wimbo ulikuwa mtamu, ukamganda. Akaona awafurahishe wenyeji kwa kitu chao wenyewe. Akaupuliza wote.

Mke wa mhunzi akaangusha ungo. Nyundo nje ikanyamaza. Nhia Pao akaingia.

"Nani amekufa hapa?"

"Hajafa mtu, mzee."

"Basi huyo unayemsindikiza ni nani?"

Wote wakageuka kumtazama bibi. Masikini Khamphet, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mianzi yetu inasema maneno," Nhia Pao akaeleza. "Huo wimbo unamwonyesha marehemu njia ya kwenda kwa mababu. Ndiyo maana watu hujifunzia porini. Ndani ya nyumba haupigwi mpaka mtu afe." Akamwekea khene yake miguuni. "Chukua mianzi yako. Siigusi tena."

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Na roho ya mama yangu itajuaje kwamba hukujua?"

Bibi akashika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa Kilao chake cha sokoni, lugha ya Khamphet, "We kijana. Umenifikisha wapi?"

"Sijui, bibi."

"Mimi najua. Umenitoa mlangoni, ukakosea, ukanirudisha ndani, ukanitoa tena. Hata kuua kwenyewe hujui." Akamgeukia mwanawe. "Mtengenezee. Aliyenipeleka ndiye atakayenirudisha."

Nhia Pao alinuna, lakini mama ni mama. Saa sita ikikaribia, ile mianzi mitatu ilikuwa inaongea tena. Bibi akatolewa nje, akaketishwa juani.

"Haya," akasema. "Piga kitu cha watu wenye damu mwilini."

Khamphet akapiga ule mtindo wa wanaume na wanawake kutongozana kwa mashairi, wa uchokozi mtupu. Bibi alisikiliza kidogo, akaingiza mkono mshipini, akatoa kijibati cha shaba kirefu kama kidole, akakiweka mdomoni na kukigonga kwa kidole gumba. Kwa kitu hicho wasichana wa enzi zake waliwajibu vijana kupitia ukuta wa mbao, baba zao wakikoroma. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya nyuki. Khamphet akashtuka, kwa sababu bibi alikuwa anamjibu kweli. Khamphet akimwachia nafasi, anaingia. Akimaliza, anamwachia yeye, vile vile afanyavyo Chansouk. Mke wa mhunzi akaanza kucheka huku bado amemshika bibi mkono, kama anayemzuia asiende popote.

Honi ikalia. "Msanii! Saa sita!"

Mtu mwenye khene mdomoni haongei. Ama unapuliza ama unaacha. Khamphet akaitazama pikapu, akautazama ule mkono uliomshikilia bibi. Kuacha katikati ni kumwacha na bibi katikati ya njia. Akatikisa kichwa. Dereva akatukana kidogo, akang'oa gari. Miaka kumi na moja ilikuwa inateremka mlima pamoja na tangawizi, na Khamphet aliumia mpaka macho yakamlowa. Akaendelea kupuliza.

Hatimaye bibi akaweka shaba yake magotini. "Nimerudi," akasema. "Na njaa nimerudi nayo. Chinjeni kuku."

Kuku ndiyo kwanza anaiva, simu ikalia.

"Uko wapi?" Chansouk akauliza.

Akamweleza yote, hakupunguza neno.

"Nimeshampata mwingine. Kijana wa hapa hapa. Anafika mapema."

"Sawa, dada."

"Huyo bibi yupo hapo?"

"Yupo."

"Amepona?"

"Anagombania paja la kuku."

"Mpe simu."

Bibi akaishika simu juu chini, spika imewashwa. Na Chansouk, ambaye hata arusi ya dada yake aliimba kwa malipo, akamwimbia ubeti mzima, kwa sauti ya chini, sauti ya mwanamke anayejibu. Kilao cha mashairi kilimpita bibi, lakini goti lake lilianza kucheza. Khamphet akaivuta khene, akamfuata.

Uimbaji ukakatika.

"Umechelewa kuingia," Chansouk akasema.

"Ni mtandao, dada."

"Miaka yote kumi na moja ni mtandao?" Akashusha pumzi. "Haya. Tuanze upya."