Kivuli cha Hajara Mbele ya Chifu

Alhamisi asubuhi, wauza nyama wa Busia ya Uganda walipokuwa bado wanafagia mbele ya vibanda vyao, Hajara alifika kwenye ofisi ya gombolola, makao ya chifu wa eneo, kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile anayoiendesha kwa mikono. Alikuja kumdhamini ndugu yake, Nurudin, aliyefungiwa chumba cha nyuma tangu juzi. Lori la wanajeshi lilikuwa limeshaegeshwa uani. Jua likifika utosini lingeondoka kwenda upande wa Tororo, na mjini hapakuwa na mtu aliyewahi kumpokea jamaa yake aliyepandishwa lori hilo.

Nurudin alikamatwa kwa kosa la kusukuma. Hajara, kama wengi wa mpakani wenye miguu iliyopooza, alikuwa akivusha chumvi na sabuni kutoka Kenya chini ya kiti cha baiskeli yake. Askari wa forodha waliona haya kumpekua mtu asiyeweza kusimama, na wafanyabiashara wa magendo walilijua hilo vizuri sana. Siku hiyo matope yalikuwa mengi, mzigo ukamshinda, Nurudin akaja kumsaidia kusukuma. Mfuko ukapasuka. Askari waliitazama chumvi ikimwagika, wakamtazama Hajara, wakaona haya kama kawaida yao, wakamkamata Nurudin.

Sheria ilitaka mdhamini awe ndugu wa damu au mke, na afike mwenyewe mezani kwa chifu. Nurudin hakuwa na mke, na wazazi walishafariki, kwa hiyo aliyebaki alikuwa Hajara peke yake. Meza ya chifu ilikuwa ghorofani. Jumba lenyewe lilikuwa duka la Wahindi, na walipofukuzwa nchini, Chifu Obbo alilichukua kwa kazi za serikali. Juu palikuwa na upepo mzuri, akakaa juu. Vyumba vya chini, vyenye milango mipana ya kupitisha hata ng'ombe, akavijaza magunia ya sukari iliyokamatwa. Sukari ikakaa chini, raia wakapanda. Inaudhi hata kuisimulia.

Chini ya ngazi alisimama askari aliyeitwa Otai, bunduki begani.

"Mama, nakwenda wapi?"

"Kwa chifu, afande. Ndugu yangu iko ndani."

"Panda."

"Afande, si unaniona? Mwambie chifu anishukie kidogo tu."

"Chifu nakaa juu."

"Basi nitatambaa."

"Hapana tambaa. Chifu nasema ofisi si zizi."

Muuza ndizi mmoja aliyekuwa akipita alijitolea kumbeba mgongoni. Otai alimweleza kwa upole kwamba atakayembeba atahesabiwa mwenzake katika magendo, na kwamba lori bado lina nafasi. Muuza ndizi akakumbuka ndizi zake.

Jua lilikuwa upande wa soko. Kivuli cha Hajara, ambacho tangu utotoni kilikaa pale alipokaa, kilijiinua kutoka chini, kikakung'uta vumbi, kikajifunga leso vizuri, kikasimama. Kilikuwa kirefu kumpita Nurudin. Hajara alikitazama na kuona kwamba angekuwa mrefu kama marehemu shangazi zake, akasikia uchungu kidogo, lakini haikuwa siku ya uchungu huo.

"Nenda haraka," alikiambia.

Otai alikiangalia miguu. Miguu ilikuwepo. Akakipisha.

Chifu Obbo alikuwa anakunywa chai. "Wewe ndiyo ndugu ya Nurudin?" aliuliza. Kivuli kikatikisa kichwa kukubali. Chifu hakuwa na mazoea ya kusikiliza majibu marefu, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Alikionyesha benchi, akaendelea na chai yake, kisha na andazi, kisha na gazeti la juzi.

Jua likapanda. Pale kwenye benchi kivuli kilianza kupungua, miguu yake ikaacha kugusa sakafu. Huko chini Hajara hakuhitaji kuambiwa, maana aliona vivuli vya watu wengine barabarani vikijikunja kuelekea miguuni mwao. Wafungwa wakatolewa, wamefungwa kamba wawiliwawili, wakapandishwa lori. Nurudin alikuwa wa mwisho. Alimwona dada yake akageuza uso, asije akamponza.

"Chifu!" Hajara alipiga kelele. "Chifu, jua linakwenda!"

"Nyamaza, mama," alisema Otai, akashusha bunduki begani.

Juu, chifu aliinua macho na kuona kwamba mdhamini aliyekuwa kwenye benchi sasa ana kimo cha mtoto wa shule. Alikasirika, maana sheria haikumruhusu kupokea alama ya dole gumba la mtoto. Akavuta wino upesi, akakibandikisha dole kwenye karatasi ya dhamana kabla hakijapungua zaidi, akapiga muhuri.

Kivuli kilipofika chini kilikuwa na kimo cha kuku, kinaburuta karatasi ngazi kwa ngazi. Dereva alikuwa ameshawasha lori. Otai aliinama, akaichukua karatasi, akaikagua muhuri, akapaza sauti. Nurudin akafunguliwa kamba na kusukumwa chini. Kivuli kikaingia chini ya baiskeli, kikatulia. Hajara alilia njia nzima, na Nurudin, aliyekuwa akimsukuma, hakumwambia anyamaze.

Wiki ile tangazo lilipigiliwa misumari chini ya ngazi: wananchi wasioweza kupanda wanaruhusiwa kutuma vivuli vyao, kabla ya saa sita. Kwenye mkutano chifu alilisoma mwenyewe kwa sauti, akasema gombolola lake halimsahau mtu. Watu wakapiga makofi.

Alhamisi iliyofuata alikuja Akurut kutoka Lumino, amepakiwa nyuma ya baiskeli, mguu mmoja umekatwa. Mumewe alikuwa chumba cha nyuma. Hajara alikwenda naye kumwelekeza. Mvua ilikuwa imetanda kutoka ziwani tangu alfajiri, mbingu yote imeziba. Wanawake wawili wakatazama chini, mbele na nyuma. Hapakuwa na kitu ila tope.

"Jua hapana toka, mama," alisema Otai. "Kuja kesho."

"Lori naondoka leo."

"Ee. Naondoka leo."

Kitambo kidogo Chifu Obbo akashuka kuingiza baiskeli yake ndani isilowe. Akurut akamshika upindo wa koti.

"Chifu, mimi hapa. Mimi ndiyo mke yake. Niandike hapahapa."

Chifu hakuwa mtu wa maneno makali. Alimsalimia, akamuuliza habari za Lumino, akajitoa taratibu mkononi mwake.

"Nimekuona, mama," alisema. "Panda juu tuzungumze."

Akapanda ngazi, akakaa mezani, akamsubiri. Alimsubiri kweli, hata chai hakuinywa, mpaka lori lilipotoka uani na kushika barabara ya Tororo.