Mgawaji wa Ukoko

Mjukuu wangu, umewahi kuketi mezani na watu walioshiba? Sisemi walioshiba chakula ulichowapakulia. Nasema walioshiba kwingine, kabla hawajafika kwako. Utawajua kwa mikono. Mwenye njaa, mkono wake hutangulia macho. Aliyeshiba hukigeuza kiazi upande huu, akakigeuza upande ule, akakikata nusu, na ile nusu akaikata tena, kama anatafuta kitu alichokidondosha ndani.

Ndivyo walivyokuwa wangu, mwaka ule kabla hujazaliwa. Kila jioni, giza likianza kuingia madirishani, tuliizunguka meza ya chuma aliyoiunga baba yako kwa mikono yake, ile yenye mguu mmoja mfupi, ambayo mpaka leo imetiwa kipande cha boksi chini isiyumbe. Babu yako, Mungu amrehemu, alikaa karibu na dirisha, maana kutengeneza saa maisha yake yote kulimzoesha kuufuata mwanga. Baba yako alikuja na harufu ya vyuma vilivyochomelewa. Mama yako, vidole viking'aa mafuta ya nywele za wateja hata baada ya kunawa. Shangazi yako, kitindamimba wangu, alifika moja kwa moja kutoka duka la dawa, koti jeupe mabegani. Na mimi, na chupa yangu ya maji.

Chupa hiyo ilijazwa asubuhi na haikujazwa tena. Humo humo mlikuwa na maji ya kumezea dawa, humo maji ya chai, humo maji ya kiu. Mtu ambaye figo zimemgomea, maji yakishaingia hayana pa kutokea. Yanamjaa miguuni, yanamjaa usoni, mwisho yanamjaa kifuani. Basi nikajifunza kunywa kwa midomo: unalowanisha, unasubiri, unameza kidogo, kisha unaificha chupa nyuma ya kiti ili msitazamane.

Katikati ya meza kulikuwa na bakuli la viazi. Vilimenywa asubuhi, vikakatwa vidogo vidogo, vikalowekwa mchana kutwa. Vikachemshwa, maji yakamwagwa. Vikachemshwa tena kwa maji mapya, nayo yakamwagwa. Daktari alisema mna kitu ndani ya viazi kinachoudhi moyo wa mgonjwa wa figo, na dawa yake ni kukifukuza kwa maji. Kilifukuzwa kweli, na utamu nao ukafuata nyuma yake. Vilibaki vyeupe, vimepoa, havina la kusema. Kando yake kabichi ya kuchemsha. Chumvi hapana. Nyanya hapana.

"Leo vimeiva vizuri," babu yako alikuwa akisema.

"Vizuri sana," mama yako anajibu, kijiko chake kimelala.

Unaisikia saa ya ukutani ikitembea.

Sikuwalaumu. Siku niliyotoka hospitali na mkono huu wa kushoto umeshonwa, mishipa imeunganishwa ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kuingilia, baba yako alipiga meza kwa kiganja akasema, "Atakachokula Mama ndicho tutakachokula wote. Nyumba hii haitakuwa na vyungu viwili." Mama yako akakusanya kopo la chumvi, chupa ya pilipili, kapu la nyanya, akavitoa nje kama mtu anayehamisha wapangaji wakorofi. Nilijifungia bafuni nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Watoto gani wanaompenda mtu namna ile?

Jiko nalo nikanyang'anywa siku ile ile. Muuguzi alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasikiliza damu inavyovuma mle ndani kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti, akasema, "Mama, huu usibebe tena mzigo. Hata sufuria." Mama yako alilishika neno lile kwa mikono miwili. Nikisogea jikoni, "Mama, pumzika." Nikishika mwiko, "Mama, mkono!" Wageni wakija wananiuliza, "Unataka nini tukuletee?" Najibu, "Sitaki kitu, nashukuru." Babu yako akiniuliza nataka nini, ni jibu hilo hilo. Watu wamejinyima chumvi kwa ajili yako. Utafungua vipi mdomo useme kuna kitu kingine unakitaka?

Na nilikuwa ninacho. Ngoja nikueleze nilikuwa nani.

Mimi nilipika kantini ya kiwanda cha nguo tangu nywele zangu nyeusi mpaka zikawa hivi. Masufuria ambayo mtoto angeweza kujificha ndani. Ving'ora vikilia, watu waliingia na pamba kwenye kope, wanapiga kelele bado, kwa kuwa walizoea kushindana na mitambo. Sikuonja kwa kijiko hata siku moja. Nilidondosha tone la mchuzi nyuma ya kiganja, hapa, nikaligusa kwa ncha ya ulimi, nikajua. Babu yako ndiye aliyenibatiza Mama Kantini, na jina likanifuata nyumbani.

Nyumbani nako kulikuwa kantini ndogo. Baba yako na shangazi yako waligombana wakiwa watoto, wakagombana wakiwa na ndevu na hereni, na ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu: ukoko. Wali ukishapakuliwa, pale chini ya sufuria unabaki ule ukoko wa rangi ya kahawia, mgumu, una mafuta na chumvi iliyozama. Nani achukue? Babu yako alidai haki ya uzee. Baba yako alidai haki ya kazi ngumu. Shangazi yako alidai haki ya kuzaliwa wa mwisho, na mama yako, alipoolewa, hakumaliza hata wiki kabla hajadai haki ya ugeni. Mgawaji nilikuwa mimi. Nilikwangua kwa ncha ya mwiko, nikavunja, nikagawa, na kila siku kuna aliyelalamika, "Mbona chake kikubwa?" Siku zote nilijibu, "Kimekua njiani." Wakacheka, kila siku, kichekesho kile kile. Halafu ukaja mlio wa meno ya watu wanne juu ya ukoko. Sijui kama kuna mlio mwingine duniani unaofanana na ule.

Huo ndio niliokuwa nautamani pale kwenye meza ya viazi vyeupe. Nilidhani ugonjwa wangu umewaulia hamu. Niliwatazama wakiacha chakula, nikasema moyoni, figo zimeharibika kwangu, njaa imeharibika kwao.

Ila kitambi cha babu yako kilinitatiza. Kilikuwa kinanawiri.

Na kulikuwa na jambo la matembezi. Babu yako, ambaye tangu anioe hakuwahi kwenda hata dukani kwa miguu kama kuna wa kutumwa, ghafla alianza kutoka kila alasiri. "Nakwenda kunyoosha miguu." Mama yako naye ana mteja wa kusukwa mtaa wa nyuma, kila siku. Mtaa wa nyuma ndiko iliko karakana ya baba yako. Sikuunganisha. Nilikuwa nimeshughulika na chupa yangu.

Basi Ijumaa moja nilikwenda kwenye mashine kama kawaida. Nimekaa kwenye kile kiti cha bluu, nimekunja mkono wa gauni, muuguzi akatoka ndani anatikisa kichwa.

"Mama, maji yamekatika hospitali nzima. Mashine bila maji ni kabati tu. Rudi kesho alfajiri. Na leo jioni usinichezee na hiyo chupa, wala usidokoe chochote."

Nikapanda gari, nikashuka kwenye kona, nikaona nipitie karakana baba yako anisindikize nyumbani. Geti la bati lilikuwa limeegeshwa. Kabla sijalifikia, harufu ikanipokea. Samaki wa kukaanga. Nyanya. Vitunguu, vilivyotiwa mapema mno. Mdomo wangu, ambao kwa miezi ulikuwa mkavu kama kitambaa cha ubao, ukajaa mate.

Halafu nikawasikia.

"Baba, hicho ni kipande cha tatu."

"Unanihesabia? Tangu lini mchoma vyuma akawa hakimu?"

"Na jioni utakula nini?"

"Jioni nitageuza kiazi. Siku hizi mimi si fundi saa tena, ni fundi kugeuza viazi."

Kikapasuka kicheko. Cha baba yako kilikuwa kile chake cha utotoni, kinachoanzia puani. Sikuwa nimekisikia tangu nilipougua. Vijiko vilikuwa vinakwangua sahani. Vilikuwa vina haraka! Nilisimama pale, mkono wangu mzima juu ya bati lenye joto la jua, na sikujua kama ninachokisikia kinaniponya au kinaniumiza. Kumbe njaa yao haikufa. Ilihama nyumba tu.

"Msicheke hivyo, jamani," mama yako akasema. "Mama yuko kwenye mashine."

Vijiko vikasimama. Nikasikia sufuria likiburutwa juu ya sakafu ya saruji.

"Ukoko huu nani anautaka?" Huyo shangazi yako, aliyekuwa ametoroka kazini.

Hakuna aliyejibu. Hebu fikiria: watu wale, na ukoko, na hakuna aliyejibu.

"Uacheni," babu yako akasema. "Mgawaji hayupo."

Ningesukuma geti. Lakini nilijua yatakayofuata: sahani zingefichwa chini ya meza ya kazi, wangeniomba radhi wote kwa pamoja, na wiki inayofuata wangetafuta mahali pa mbali zaidi. Nikageuka. Nikaenda nyumbani peke yangu polepole, nikilowanisha midomo.

Jioni, bakuli likawekwa mezani. Nilikuwa nimeshawaambia habari ya maji kukatika, wakashtuka, wakanitazama miguu kama imevimba, wakaisogeza chupa mbali nami kidogo. Tukaketi. Saa ya ukutani ikatembea.

"Leo vimeiva vizuri," babu yako akasema.

Nikaweka kijiko chini.

"Mwanangu," nikamwambia mama yako, "vile vitunguu vya leo ulivitia kabla mafuta hayajapata moto."

Kiazi kikamponyoka. "Vitunguu… vipi, Mama?"

"Vya karakanani. Harufu ilinipokea getini. Kitunguu kwenye mafuta baridi hakikaangiki, kinachemka tu. Ila samaki umempatia."

Baba yako akafunika uso kwa mikono. Shangazi yako akaanza kufunga na kufungua kifungo cha koti. Babu yako, hodari wa maneno, akatazama dirisha, ambako hakukuwa na mwanga tena.

"Mama Kantini," akasema, "mimi nilipita tu, kunyoosha miguu."

"Imenyooka. Na kitambi nacho kimenyooka."

Hakuna aliyecheka. Shangazi yako alikuwa ameshaanza kulia. "Tulijaribu, Mama. Wiki ya kwanza tulijaribu kweli. Halafu tukaogopa, tukila mbele yako, utatamani."

"Natamani," nikasema. "Naota chumvi kama watu wanavyoota marehemu wao." Kisha nikamgeukia baba yako. "Lile sufuria liko wapi?"

"Lipi, Mama?"

"Lenye ukoko ambao haujagawanywa."

Alikwenda bila viatu. Alirudi amelikumbatia ndani ya aproni yake ya kazi, akaliweka katikati ya meza, ubavuni mwa viazi. Mama yako akainuka, akaniletea mwiko bila kuambiwa. Mkono wa kushoto niliulaza mapajani, unavuma. Wa kulia ukakwangua. Ukoko ukabanduka mzima, kama ulikuwa unanisubiri. Nikavunja. Ule wa pembeni, ulioungua kidogo, wa babu yako. Wa chini kabisa, wa baba yako. Nikampa shangazi yako, nikampa mama yako.

Waliushika tu mikononi, wananitazama.

"Kuleni."

Babu yako ndiye aliyetangulia. Ukavunjika kinywani mwake, kavu, kwa mlio ule ule. Kisha wa baba yako. Kisha wengine. Nilifumba macho. Harufu ilikuwa pale, chumvi ilikuwa pale, karibu nami kabisa, na sikunyoosha mkono.

Shangazi yako akajifuta pua kwa mkono wa koti. Akatazama kiganja cha kaka yake.

"Mbona chake kikubwa?" akasema, sauti bado ina machozi.

"Kimekua njiani," nikamjibu.

Kicheko cha puani kikaanza, kikashikwa, kikaponyoka. Meza ikayumba, boksi lilikuwa limechomoka chini ya mguu, na hakuna aliyeinama kulirudisha.

Babu yako alimaliza wake, akakusanya makombo kwa kidole kama alivyokuwa akikusanya skrubu za saa. Hakuyala. Alinitazama mimi, mikono yangu mitupu, kiazi changu kilichopoa.

"Na wewe, Mama Kantini? Wewe unataka nini?"

Neno lile la siku zote likanijia mdomoni, sitaki kitu, nashukuru. Nikalilowanisha kwa tone la chupa, nikalimeza.

"Nataka kupika," nikasema. "Sufuria mtaniinulia, na chumvi mkwe wangu atanionjea. Nyie mle hapa hapa, mbele yangu, niwasikie."