Herufi Moja Kiganjani

Mama alifariki Jumanne, jua likizama, mimi nikiwa skuli ya ngumbaru, ya watu wazima, hapa Malindi. Mwalimu Everlyne alikuwa ndio kwanza aandike "dh" ubaoni, mdogo wangu Swabra akatokea mlangoni bila viatu. Nilielewa kabla hajasema. Somo lile la dh sikulimaliza.

Mchana wake nilikuwa nimemwambia mama, "Leo siendi. Umeamka vibaya."

Akanijibu kwa ukali wake wa siku zote. "Mimi ndiye niliyekutoa skuli una miaka minane, unisaidie kushona kofia. Leo nakurudisha, wewe wanikatalia? Mahfudha, nenda kasome."

Nikaenda. Nina miaka hamsini na saba, lakini mama akisema nenda, naenda.

Basi sikuwahi kumwomba radhi. Kwetu mzazi akizidiwa, mtoto humshika miguu akasema, "Mama, nipe radhi zako," naye mzazi hujibu, "Nimekuwia radhi, duniani na akhera." Swabra alizipata, kwa kuwa yeye alikuwa nyumbani. Mimi nilimkuta mama ameshafunikwa shuka.

Baada ya arubaini akaanza kunijia ndotoni. Hunijia mchana, ninapojilaza kidogo baada ya sala ya adhuhuri. Amekaa mkekani, amenipa mgongo, ashona kofia. Na mimi mle ndotoni sikumbuki kamwe kwamba amefariki. Namuuliza, "Mama, maji yamekuja?" Namuuliza kama Swabra ameleta samaki. Kisha naamka, ndipo nakumbuka. Nilikuwa naye mama yangu, karibu hata mkono ungemfika, na maneno niliyomwambia ni ya maji ya mfereji.

"Nimeota," nilimwambia Swabra siku moja.

"Kheri," akajibu, kama ilivyo desturi.

"Kheri gani? Nimepoteza nafasi tena."

Nikamweleza na Mwalimu Everlyne. Huyu ni msichana wa Vitengeni, umri wa binti yangu. Akiingia darasani hutuamkia shikamoo kwanza, tukamwitikia marahaba, ndipo anapoanza kutufokea. Siku ile hakufoka. Alikaa kwenye benchi kando yangu.

"Mama Mahfudha, kuna watu hujifunza kujua kwamba wanaota, wakiwa bado wamo ndotoni," alisema. "Niliyasoma nikiwa chuoni. Mchana kutwa unajiuliza, je, hii ni ndoto? Unasoma neno, unatazama pembeni, unalisoma tena. Ukiwa macho neno hukaa vile vile. Ndotoni herufi hazitulii. Ukizoea kuuliza mchana, kuna siku utauliza ukiwa kule."

Mzee Mwaro, mlinzi wa hoteli, akanyosha mkono kule nyuma. "Mwalimu, mimi herufi hazitulii hata nikiwa macho."

Darasa zima likacheka. Lakini mimi niliyashika maneno ya mwalimu. Maisha yangu yote nisingaliweza kuujaribu mtihani huo. Miezi saba tu iliyopita, kabla sijaingia ngumbaru, nisingaliweza.

Kabla sijaanza nilikwenda kwa Maalim Abdulhalim, maana sikutaka kuchezea jambo la ghaibu. Alinisikiliza huku akivuta tasbihi.

"Ukijilaza, tia udhu na usome dua zako," alisema. "Ukimwona mama, mshukuru Mola. Lakini ndoto usiifanye hati. Maiti huombewa dua, Bi Mahfudha."

"Dua namwombea kila sala, maalim."

"Basi endelea nayo. Hayo mengine ni mazoezi."

Nikaanza mazoezi. Nilisoma pakiti ya unga, nikatazama ukuta, nikaisoma tena. Je, naota? Nilisoma vibao vya barabarani, nikasoma hata mgongo wa fulana ya mtu mbele yangu sokoni. Tatizo likawa lile lile la Mzee Mwaro. Kibao cha duka la Katana nilikisoma mara ya kwanza "dawa". Nikatazama pembeni, nikakisoma tena, "duka". Nikajua naota. Nikaingia ndani, nikamtazama Katana nyuma ya meza yake.

"Katana, wewe si wa kweli."

"Hata mke wangu huniambia hivyo," akasema. "Nikupe sukari, mama?"

Nikaona sitafika kwa vibao vya watu. Nilihitaji neno moja langu, linalokaa nami kila mahali. Swabra hupaka maharusi hina. Nikachukua hina yake, nikakaa uani, na kwa mkono wa kulia nikaandika katika kiganja cha kushoto neno nililolitaka kuliko yote duniani. Nilikaa nayo hadi ikakauka. Nilipoosha, herufi zilitoka nyekundu, zimenyooka. Nilijisikia msomi.

Swabra alikishika kiganja changu, akakisogeza machoni.

"Dada, hapa umeandika nini?"

"Radhi. Si waona?"

"Umeandika radi." Akajitahidi kuzuia kicheko, hakuweza. "Dada, wamwomba mama radi ikupige!"

Alicheka hadi akakaa chini. Nilimtazama kwa hasira, kisha na mimi nikacheka. Tangu mazishi hatukuwa tumecheka pamoja. Kilichokosekana ni ile h, herufi ya somo nisilolimaliza.

"Nifutie," nilisema.

"Hina haifutiki, bibi wee. Utatembea na radi yako wiki mbili."

Ndivyo ikawa. Kila mara nilipokifungua kiganja nilisoma radi, nikatazama pembeni, nikasoma tena radi. Je, naota? La, sioti. Kosa langu lipo. Nilisoma hivyo nikikanda unga, nikingoja maji, nikiinua mikono katika dua.

Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, nilijilaza. Mama alikuwa mkekani, amenipa mgongo, ashona.

"Mama, maji yamekuja?" nilimuuliza.

Alinyosha mkono nyuma, ataka uzi. Nikauokota uzi kumpa, na kiganja changu kikafunguka. Kwa mazoea nikasoma. Radhi.

Nikautazama mkeka, nikasoma tena. Radhi. Herufi zilitulia kabisa, hazikuchezacheza kama alivyosema mwalimu. Lakini h ilikuwapo, imekaa mahali pake kama iliyozaliwa pale. Na kiganja changu mimi kina kosa. Hiki hakina. Basi naota. Basi mama amefariki, na huyu hapa amekaa mbele yangu.

Hofu ilinishika, nikahisi ndoto yataka kunitoka. Nikasema bismillahi. Nikakaa chini, nikamzunguka, nikamshika miguu. Ilikuwa na joto.

"Mama, nipe radhi zako. Siku ile sikuwapo."

Sindano ikasimama. Akaniinulia uso, uso wake wa kabla ya maradhi. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akautazama kwa karibu. Mama hakuwahi kujua kusoma.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Radhi, mama."

"Kaandika nani?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu ya lile neno, kama alivyokuwa akinipa tende nikiwa mdogo, ili watoto wengine wasione.

"Basi si unazo? Wataka nini tena?" Akaichukua kofia yake. "Maji yamekuja?"

Nilicheka, na kicheko changu ndicho kilichoniamsha.

Nje kulikuwa kunaadhiniwa alasiri. Nilikuwa nimeukunja mkono. Nilipoufungua nilisoma radi. Kama alikuwa ni mama, au ni moyo wangu umpendao, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi sikuifanya hati. Nilitia udhu, nikasali, nikamwombea mama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuchanganya dua na kilio.

"Mbona wacheka peke yako?" Swabra aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeota."

"Kheri."

"Ni kheri," nikasema.

Jioni nilimwomba Mwalimu Everlyne aturudishie lile somo la dh. Alipopita kukagua madaftari alikiona kiganja changu, akafungua kalamu.

"Mama Mahfudha, hapa pana herufi imekosekana. Nikutilie?"

Nikaufumba mkono upesi. "Hapa paache hivi hivi, mwalimu. Nipe chaki."

Nikaenda ubaoni, nikaandika polepole, herufi tano. Nikatazama dirishani, kule Swabra alikotokea siku ile. Kisha nikageuka, nikasoma tena.

Radhi. Na nilikuwa macho.